Mechi Tatu za Uhakika

Shabiki wa timu kubwa hupanga safari ya fainali. Sisi wa Taifa Stars ya Tanzania tunapanga safari ya makundi, na naamini hiyo ndiyo namna bora ya kwenda kwenye mashindano. Timu ikishafuzu, imehakikishiwa mechi tatu. Baada ya hapo mambo yako mikononi mwa Mungu na miguuni mwa mabeki. Kwa hiyo Stars walipotoka sare ya bila kufungana na Algeria mjini Annaba, tarehe 7 Septemba 2023, na kupata nafasi ya kwenda Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Ivory Coast, niliandika daftarini nauli ya mechi tatu, vyumba vya mechi tatu na likizo ya mechi tatu. Kitakachozidi kingekuwa neema.

Wenzangu kazini walinishauri nisubiri. Waache wavuke makundi kwanza, walisema, ndipo ukate tiketi. Ushauri huo unamfaa Mnigeria au Mmisri. Stars walicheza fainali hizi mara ya kwanza Lagos mwaka 1980, wakarudi tena Misri mwaka 2019. Kati ya hapo ilipita miaka 39. Mtoto aliyezaliwa timu ikirejea kutoka Lagos alikuwa na watoto wa sekondari walipofuzu tena. Na katika safari zote hizo mbili hawakushinda mechi hata moja. Anayengoja ushindi ndipo asafiri anaiachia timu icheze peke yake saa inayomhitaji zaidi.

Mjomba wangu, aliyestaafu ukarani bandarini, alikuwa kijana mwaka 1980. Mashindano yale aliyafuata redioni, na mpaka leo anayataja matokeo bila kufikiri: 3-1 kwa Nigeria, 2-1 kwa Misri, halafu sare ya 1-1 na Ivory Coast, pointi pekee tuliyorudi nayo. Nilipompigia simu kumwambia kikundi chetu cha mashabiki kinaanza kuchanga, aliuliza swali moja.

“Mwanangu, ni kwa hao hao Ivory Coast?”

“Kwao kabisa, mjomba.”

“Basi niandike.”

Mashindano yalibeba jina la 2023 lakini yalichezwa 2024. Awali yalipangwa Juni na Julai. CAF ikayasogeza hadi tarehe 13 Januari na kuendelea, kwa sababu katikati ya mwaka pwani ile ya Afrika Magharibi hunyeshewa mvua kubwa. Kwa mchezaji huo ni uwanja mkavu. Kwa mzazi wa Kitanzania Januari ni ada, sare za shule, madaftari, na kwa wengi kodi ya nyumba. Hapo ndipo safari nyingi za mpira hufia, mezani nyumbani, kabla hata ya kufika kwa wakala wa ndege. Tulikubaliana fedha zetu zikae kwa kijumbe mmoja, zisitolewe isipokuwa kwa ugonjwa au msiba, na kila mwanachama alipe ada za watoto wake Desemba kabla hajanunua hata jezi. Nasisitiza hilo kwa kila anayeniuliza. Safari ikianza na deni la ada, mechi haitazamiki.

Droo ilichezeshwa Abidjan tarehe 12 Oktoba. Tuliangukia Kundi F pamoja na Moroko, waliofika nusu fainali ya Kombe la Dunia kule Qatar mwaka 2022. Zambia, mabingwa wa Afrika wa 2012. Na Kongo ya Kinshasa, mabingwa wa 1968 na 1974. Watu wote waliyatazama majina ya timu. Mimi niliyatazama majina ya miji. San Pédro, San Pédro, Korhogo. San Pédro iko kusini-magharibi, kando ya Atlantiki. Korhogo iko kaskazini, upande wa Mali na Burkina Faso. Mechi ya pili ilikuwa tarehe 21 Januari jioni, ya tatu tarehe 24 usiku, na katikati siku mbili kamili za kuivuka nchi kutoka bahari hadi nyanda kavu.

Mjomba aliuliza kwa nini tuhamishwe ilhali uwanja wa San Pédro upo. Jibu lake linaanzia Hispania, mwaka 1982. Kwenye Kombe la Dunia la mwaka ule Algeria waliwafunga Ujerumani Magharibi, wakaifunga na Chile, wakamaliza mechi zao tatu wakiwa na pointi nne, enzi hizo ushindi ukiwa na pointi mbili. Siku iliyofuata, mjini Gijón, Ujerumani Magharibi na Austria waliingia uwanjani wakijua kwamba ushindi mwembamba wa Wajerumani ungezivusha timu zote mbili. Hrubesch wa Ujerumani alifunga mapema, kisha mpira ukapigwa pasi za nyuma na za pembeni hadi kipenga cha mwisho, huku Waalgeria waliokuwa jukwaani wakipunga noti kwa hasira. Algeria wakatolewa. Tangu Kombe la Dunia la 1986 mechi mbili za mwisho za kila kundi huchezwa wakati mmoja, ili asiwepo anayepiga hesabu juu ya mgongo wa mwingine. Uwanja mmoja haubebi mechi mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo wawili hubaki na wawili husafiri. Moroko na Zambia walibaki San Pédro. Sisi na Wakongo tukapangiwa Korhogo. Nilipojisikia nikimweleza mjomba hayo, uchovu niliouona kwenye ramani ulipungua. Tulikuwa tunalipa sehemu ndogo ya gharama ya haki waliyoidai Waafrika wenzetu.

Tiketi ya ndege tuliikata baada ya droo, si kabla, maana kabla ya droo hujui utatua mji gani wala siku gani. Abidjan iko kama kilomita 5,000 kutoka Dar es Salaam, mbali kuliko Dubai kwa karibu kilomita 1,000. Lakini ugumu hauko kwenye umbali. Dubai unakwenda moja kwa moja, bei zinashindana, na wakala anaijua njia hiyo akiwa amelala. Ukitaka kwenda kwa ndugu zako wa Afrika Magharibi, unapanda kwanza kaskazini hadi Addis Ababa au Nairobi, unangoja, kisha unalikata bara kwa takriban saa sita angani. Nauli inapanda kwa kila kituo. Inaniuma kwamba Mwafrika wa mashariki anamfikia Mwarabu na Mzungu kwa urahisi kuliko anavyomfikia Mwafrika wa magharibi, na mashindano haya, kila yanapochezwa, yanatuonyesha pengo hilo kwa shilingi na senti. Tulichagua Addis, na tukalipia tiketi ambayo tarehe ya kurudi inaweza kubadilishwa. Iligharimu zaidi kidogo. Ile nyongeza ndiyo ilikuwa imani yetu kwa timu iliyoandikwa kwenye risiti: tarehe ya kurudi iliwekwa baada ya mechi ya tatu, lakini mlango wa hatua ya mtoano haukufungwa.

Viza ya Ivory Coast iliombwa kwa mtandao. Unajaza, unalipa, unapewa kibali, halafu unapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole ukifika uwanja wa ndege wa Félix Houphouët-Boigny, Abidjan. Kibali hicho ni cha mlango huo tu. Mwanachama wetu mmoja alitaka kupitia Accra na kuingia kwa basi, na ilibidi tumrudishe kwenye njia ya wote.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ilichukua muda kuliko viza. Cheti huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote, kwa hiyo waliokuwa na kadi za zamani hawakuhitaji kurudia. Mjomba hakuwa nayo. Daktari alimkalisha na kumuuliza maswali mengi, maana kwa aliyevuka miaka 60 chanjo hii inahitaji uangalifu, na hakuharakisha kwa sababu ya mpira. Ndiyo maana nasema mzee apelekwe miezi miwili kabla, asipelekwe wiki ya mwisho akaambiwa achague kati ya afya yake na Stars.

Fedha tulibadili kuwa euro. Faranga ya kule imefungwa kwenye euro kwa kiwango kisichobadilika, faranga 655.957 kwa euro moja, hivyo ukibeba euro unajua kabla ya kuondoka chumba kitakugharimu kiasi gani. Tiketi za uwanjani zilikuwa gharama ndogo kuliko zote. Watu hukesha wakitafuta tiketi ya mechi na kusahau kitanda, na mji mdogo kama San Pédro ukishajaa umejaa. Sisi tulianza na vitanda.

Abidjan tuliipita haraka. Naikumbuka kwa joto zito, madaraja juu ya wangwa, na sahani ya attiéké, chenga za muhogo uliochachishwa na kuivishwa kwa mvuke, pamoja na samaki wa kuchoma. Mjomba alionja, akanyamaza, akaagiza ya pili. Asubuhi tulishika barabara ya pwani kuelekea magharibi, iliyokuwa imekarabatiwa kwa ajili ya mashindano. Inapita Dabou, Grand-Lahou na Fresco, katikati ya michikichi na mipira iliyopandwa kwa mistari, na kadiri unavyosonga unaiona mikakao. Ivory Coast ndiyo inayoongoza duniani kwa kuzalisha kakao, na sehemu kubwa ya shehena hiyo husafirishwa kupitia San Pédro. Kwa wengine ulikuwa mji wa mechi. Kwa mjomba ulikuwa bandari. Siku ya kwanza, kabla hata ya kuuona uwanja, alitaka aone meli zinapakiwaje, akasimama barabarani akizitazama kreni kama anayekagua kazi ya mtu anayemfahamu.

Uwanja wa San Pédro una jina la Laurent Pokou, mshambuliaji wa Ivory Coast aliyefunga mabao matano katika mechi moja dhidi ya Ethiopia mwaka 1970. Humo tarehe 17 Januari Moroko walitufunga 3-0, na tulimaliza tukiwa pungufu baada ya Novatus Miroshi kuonyeshwa kadi nyekundu. Sina la kuongeza juu ya mechi ile. Waliotushinda walitushinda kwa uwezo.

Ya Zambia ndiyo ninayoweza kuisimulia dakika kwa dakika. Saa kumi na moja jioni kwa saa za kule, saa mbili usiku nyumbani, Stars walianza bila woga. Dakika ya 11 Samatta aliona upenyo, Simon Msuva akaukimbilia, mpira ukaingia. Sijui jinsi ya kueleza kelele za watu wachache. Mashabiki elfu hamsini wa uwanja wa Mkapa hupiga kelele inayokubeba. Sisi tulikuwa kikundi kidogo cha bluu katika jukwaa la watu wengine, na kila mtu alisikia sauti yake mwenyewe na sauti ya jirani yake. Mjomba hakupiga kelele. Alinishika mkono juu ya kiwiko na hakuuachia. Kabla ya mapumziko Mzambia mmoja akatolewa kwa kadi nyekundu, na kwa kipindi kizima cha pili tulikuwa tunaishika kwa vidole ile tuliyoikosa Lagos na Cairo, ushindi wetu wa kwanza. Dakika ya 88, zile za lala salama, Patson Daka akaruka na kupiga kichwa. 1-1.

Mashabiki wa Zambia, majirani zetu wa Tunduma, walitukumbatia tukitoka. Mjomba alisema tu, “Pointi moja. Kama mwaka ule.” Kisha akauliza basi la kesho linaondoka saa ngapi.

Hapa ndipo mpango wote ulipothibitika. Kulikuwa na njia tatu za kufika Korhogo. Ndege za ndani hupitia Abidjan, na viti vilikuwa vimekwisha zamani. Basi la kurudi Abidjan kisha kupanda kaskazini ni kona ndefu isiyo na sababu. Tulichagua kukata katikati ya nchi, kupitia Soubré na Daloa, kulala Yamoussoukro, kisha Bouaké, Katiola na kuendelea. Chumba cha Yamoussoukro nilikuwa nimekilipia tangu Novemba. Jioni tuliliona kwa mbali kuba la basilika iliyobarikiwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1990, kubwa mno kwa mji ule mtulivu, na hatukuwa na nguvu ya kulisogelea. Mgongo wa mzee ulihitaji godoro, na mgongo wa mzee ndio ulioamua ratiba. Ningepanga tena hivyo hivyo.

Asubuhi, ndani ya basi la kwenda kaskazini, nusu ya abiria walikuwa mashabiki wa Kongo. Waliongea Kifaransa na dereva, Kilingala wao kwa wao, na ghafla, kutoka kiti cha nyuma yetu, Kiswahili.

“Papa, munatoka wapi?”

Alikuwa mama wa makamo, wa Lubumbashi, kitambaa cha rangi za Kongo kichwani. Mjomba akageuka mwili mzima.

“Dar es Salaam, mama.”

“Dar! Bintu yetu yote inapitaka kule.”

Hakuwa ameambiwa kwamba anaongea na mtu aliyeandika nyaraka za mizigo hiyo kwa maisha yake ya kazi. Shaba ya Katanga hushuka kwa malori hadi bandari ya Dar es Salaam, na magari, nguo na mashine hupanda kwa njia hiyo hiyo. Mjomba aliyataja maeneo ya ushuru moja baada ya jingine, Tunduma, Nakonde, Kasumbalesa, na yule mama akawa anaitikia kila jina kama anayesikia ukoo wake ukisomwa. Kutoka hapo hatukuhitaji tena karatasi nilizobeba zenye anwani kwa Kifaransa. Vituoni walituagizia chakula, walituulizia vyoo, walitupigania bei. Wapinzani wetu wa kesho walitufikisha.

Kijana mmoja kati yao alitoka Goma. Hakuimba sana. Aliniambia nyumbani kwao wamepokea jamaa waliokimbia vita, na kwamba mama yake angeitazama mechi kama umeme ungekuwepo. Wiki mbili baadaye, tarehe 7 Februari, kabla ya nusu fainali kule Abidjan, wachezaji wa Kongo walisimama wakati wa wimbo wa taifa lao wakiwa wameziba midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kichwani kama bastola, dunia iwaone watu wa mashariki ya nchi yao. Nilikuwa nimesharudi nyumbani. Nilimfikiria kijana yule, na nilitamani kila aliyetazama picha ile awe amekaa naye basi moja.

Korhogo ni nchi nyingine. Upepo wa Harmattan ulileta vumbi jepesi la jangwani, midomo ilikauka, na usiku ulikuwa na baridi ambayo watu wa pwani hatukuitarajia; mafuta ya kujipaka na fulana ya mikono mirefu viliokoa wengi. Ni mji wa Wasenufo, mafundi wa vitambaa vya pamba vilivyochorwa ndege, mamba na vinyago kwa rangi ya matope. Nilinunua kimoja na kuacha kingine ambacho bado nakiwaza.

Mechi ilianza saa mbili usiku, saa tano nyumbani. Hesabu ilikuwa nyepesi: tukishinda, tunavuka. Tulicheza dakika 90 bila kumwogopa yeyote, na Kongo nao hawakufungua mlango. 0-0. Stars walimaliza na pointi mbili, nyingi kuliko walizopata katika safari yoyote iliyotangulia, na wakatoka. Kongo walivuka kwa sare tatu, wakafika hadi nusu fainali. Nje ya uwanja yule mama wa Lubumbashi alitutafuta kabla ya kwenda kucheza na wenzake. Alimpa mjomba mikono yote miwili.

“Pole, papa. Mulicheza muzuri.”

Kisha akaulizia 2027, maana alishasikia kwamba Kenya, Uganda na Tanzania ndio wenyeji. Alitaka kujua kama wataweza kuja kwa barabara, ama ni lazima ndege. Mjomba akaomba kalamu. Tuliketi kwenye viti vya plastiki mbele ya duka la kuku wa kuchoma, na nyuma ya karatasi ya hoteli akamchorea: Lubumbashi hadi Kasumbalesa, hapo wavuke mapema asubuhi kabla malori hayajajaa, Kapiri Mposhi, wakitaka treni ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Dar, wakitaka basi, Nakonde na Tunduma, walale Mbeya wasilale mpakani. Wabebe kadi ya njano na dola ndogo ndogo. Wasilipie chumba mpaka droo itoke, maana mechi zao zinaweza kuangukia Nairobi au Kampala.

“Na tukifika Dar?” mama akauliza.

“Mtashukia stendi ya Magufuli, Mbezi,” mjomba akasema, akaandika namba yake ya simu chini ya ramani. “Mkifika Chalinze, nipigieni.”